Dzana Si Jana

Siku yangu ya kwanza maabara, Daktari aliyeongoza utafiti aliweka tofali chini ya mashine ya kukandamiza, akaniambia, "Usiangalie tofali, Mzee. Angalia mshale." Tofali likapasuka. Nikaandika daftarini mshale ulipofika, na umri wa tofali. Hizo njo zilikuwa kazi zangu jijini Lilongwe miaka sita: nguvu na umri.

Tofali la udongo na saruji halichomwi. Hunyweshwa maji, hufunikwa, na kila siku linaongeza nguvu. Timu yetu ililichanganya na majivu ya pumba za mpunga, na Daktari, mama mkali, alitaka kuonyesha kwamba likifika siku tatu linabeba paa. Hivyo shule ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, ingejengwa kabla ya mvua. Mimi niliitaka shule hiyo kuliko wao wote. Mvua ya kwanza tuliyoikuta kambini iliangusha ukuta wa nyumba yetu, ukamwua mtoto wetu Riziki.

Utafiti ukakubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa, pale City Centre. Jina langu lilikuwa la nne kati ya watafiti. Mi, mkimbizi wa Uvira, ninayelala mtaa wa Kawale, nje ya kambi, kwa kibali cha kazi! Suruali ya mkutano niliifua mara mbili.

Wiki ile ile, fundi Mmalawi aliyetufyatulia matofali mtaa wa Area 18 alikuja macho mekundu. "Tumemzika dada dzana," akasema.

Nikashangaa. "Jana si tulishinda wote hapa?"

"Jana yenu, kwa lugha yetu tunaita dzulo, Mzee. Dzana ni siku iliyo nyuma yake."

Nikalifungua daftari. Kila alipoleta matofali nilimuuliza ameyafyatua lini, naye hujibu, "Dzana." Nami naandika tarehe ya jana, kwa ujuaji wangu. Matofali yetu ya siku tatu yalikuwa ya siku nne; nguvu ya siku tatu hatukuwa tumeipima. Nilimpigia mke wangu kambini, nikamweleza kwamba nikisema, kazi imekwisha na kibali pia.

"Ule ukuta wetu, nani alihesabaka siku zake?" akasema. "Enda useme, Baba Riziki."

Daktari alinisikiliza amesimama. "Unajua umenifanyia nini?"

"Najua, Daktari."

Hakunigombeza. Mkutanoni aliwaambia wageni kwamba matokeo yameondolewa, kwa kuwa msaidizi wa maabara alikosea tarehe. Akalitaja jina langu lote, mpaka la baba. Nilikuwa kiti cha nyuma, na suruali yangu. Miezi mingi nilikuwa nimeomba Mungu jina hilo litamkwe mle ndani.

Mkataba haukuongezwa, na kibali kikafuata. Nilistaafu hivyo, nikarudi kambini bila hata mkono wa kwaheri, na bado nina hasira, siwadanganyi. Wafadhili wakajitoa, shule haikujengwa. Batoto wanasoma chini ya turubai, na kuna wazazi hapa Dzaleka hawanisalimii. Mvua ikinyesha, masomo yanakatizwa, wanapita mbele ya nyumba yetu wamelowa. Mke wangu hutoka mlangoni akawahesabu.

"Wako wote," huniambia, halafu anafunga mlango.