Ini la Wifi

Mume wangu alipoambiwa kwamba ini lake limesinyaa na dawa haziwezi tena kulirudisha, mimi ndiye niliyetangulia kusema, "Nitampa langu."

Tulikuwa watatu mbele ya daktari: mimi, yeye, na dada yake mkubwa anayeishi mtaa wa Msamala. Daktari alikuwa ametueleza kwamba mtu mzima anaweza kukatwa kipande cha ini akaendelea kuishi, maana kinachobaki hukua tena, na kile alichotoa nacho hukua ndani ya mgonjwa. Sikumngoja amalize. Nilikunja mkono wa gauni palepale nikaenda kutolewa damu, na wifi yangu akanifuata.

Majibu yalitoka kesho yake. Mume wangu ni kundi O, na mtu wa O hupewa ini na O mwenzake. Mimi ni B. Wifi yangu ni O.

"Basi Mungu kanichagua mimi," wifi akasema, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Nilimkumbatia na kumshukuru, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Lakini kitu fulani kilinichoma kifuani, nikabaki nacho. Miaka yote ya ndoa nilijua hakuna aliye karibu na yule mwanamume kuliko mimi. Ninajua anavyokoroma, ninajua anavyokasirika. Sasa tone la damu lilikuwa limesema kwamba mimi ni mgeni kwake.

Upasuaji ulifanyika India. Walikwenda mume wangu, wifi, na mume wa wifi kuwaangalia. Mimi nilibaki nyumbani kwetu Bombambili, hapa Songea, kwa sababu mtoto wetu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Nilikaa kwenye cherehani yangu barazani, simu juu ya meza, nikishona sare za shule bila kuziona.

Shemeji huyo, mume wa wifi, alinipigia kila asubuhi baada ya madaktari kupita wodini. Alinieleza kama alivyoelezwa: siku za mwanzo hawamuulizi mgonjwa anajisikiaje, wanaiuliza damu. Wanaangalia rangi ya njano, ile wanayoiita bilirubini. Wanaangalia damu inachukua muda gani kuganda, kwa sababu ini ndilo linalotengeneza vitu vya kuigandisha. Wanaangalia na vimeng'enya, ambavyo ini likiumia huvimwaga kwenye damu. "Namba hizi zikishuka kila siku, ini limempokea," alisema. "Zikigoma kushuka, hali ni mbaya."

Zilishuka. Nilipiga magoti kando ya cherehani nikalia. Kisha nikauliza, "Ameamka? Amesema nini?"

"Ameamka vizuri, shemeji. Ameuliza, 'Dada yuko wapi?'"

Nilisema asante, nikakata simu. Nilijiambia ni kawaida, mtu akiamka huuliza aliyelala kitanda cha pili. Lakini neno lile lilikaa na mimi mpaka waliporudi Songea.

Waliporudi, wifi alipokelewa kama askofu. Jumuiya yetu ilikuja kusali nyumbani kwangu, na mwenyekiti akamwomba asimame. Akasimama, amevaa gauni la kitenge nililomshonea kwa mikono yangu, legelege tumboni lisiguse kovu. Vigelegele vikapigwa. Walimshukuru Mungu kwa ajili ya dada mwenye upendo, kwa ajili ya madaktari, hata kwa ajili ya ndege. Mimi nilikuwa jikoni ninachemsha maji ya mgonjwa, kwa sababu hakuruhusiwa kunywa maji yasiyochemshwa wala kula kitu kibichi. Niliwasikia kupitia dirisha.

Wifi akawa anakuja karibu kila siku. Aliingia bila hodi, akaketi karibu na mdogo wake, akamuuliza kwa kucheka, "Ini langu linaendeleaje?"

"Linakusalimia, dada," mume wangu alijibu. Wakacheka wote wawili, kila mmoja kashika ubavu wake kwa sababu kucheka kuliwauma mahali palepale. Nami nilicheka. Mimi hapakuniuma popote ambapo mtu angeweza kupaona.

Alileta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Siku moja alionja uji wangu wa mahindi, akaweka kijiko chini taratibu. "Wifi, ini hili limekulia ulezi," alisema. "Usilinyime."

Nilitoka nje nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Mume wangu alitolewa damu kila wiki hapa mjini. Kipimo kimoja tu hakikufanyika hapa, kile cha kuona kiwango cha dawa mwilini, ile dawa inayouzuia mwili usilikatae ini la mtu mwingine. Damu ya kipimo hicho ilisafirishwa Dar es Salaam, majibu yakaja kwenye simu yake. Alipopona vya kutosha akarudi kufundisha, na akaanza kwenda maabara mwenyewe kwa bodaboda.

Halafu wiki moja wifi alikuja asubuhi, mimi nikiwa ninakata kitambaa cha mteja. Alikuwa anahema. Nilimwamkia, hakuitikia.

"Mnasafiri lini?" akauliza.

"Kwenda wapi?"

Alinitazama. "Wifi, hujaambiwa? Vimeng'enya vimepanda. Amenitumia majibu tangu jana."

Niliuweka mkasi mezani. Mume wangu aliporudi kutoka shuleni nilimkuta mlangoni kabla hajavua viatu.

"Mimi ni nani katika nyumba hii?" nilimuuliza.

Akaelewa mara moja. "Mama watoto, nisikilize."

"Ninayepika ni mimi. Ninayekuamsha unywe dawa ni mimi. Damu yako ikiharibika, wa kuambiwa ni mtu wa Msamala?"

"Ni ini lake," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona nimemharibia. Nilitaka kumwomba msamaha kwanza."

"Na mimi je?"

"Wewe niliogopa kukuambia. Dada akilia, ninaweza kumtuliza. Wewe ukilia, mimi nami ninakwisha."

Sikujua kama hilo lilikuwa pendo au kisingizio. Nilichojua ni kwamba safari hii ningekwenda mimi, na nikasema hivyo. Mtoto alikuwa ameshaacha kunyonya. Wifi alibaki na watoto, mimi na mume wangu tukapanda basi la Dar.

Daktari wa huko aliyapanga majibu ya wiki zote akayatazama kwa pamoja. Alisema namba moja peke yake haimwambii mengi, anachotafuta ni zinakoelekea. Zilikuwa zinapanda kidogo kidogo, na kiwango cha dawa kilikuwa kinashuka. Akamuuliza mume wangu dawa ya jioni anaimeza saa ngapi. Mume wangu akakiri kwamba tangu arudi kazini alikuwa akichelewa kwenye masomo ya ziada, na siku nyingine aliisahau kabisa. Akiulizwa na mimi alikuwa anasema ameshameza.

Mwili ulikuwa umeanza kulikataa ini, lakini walikuwa wameliwahi. Alilazwa, akatundikiwa dripu, dawa ikaongezwa. Nililala kwenye kiti kando yake. Namba zilipoanza kushuka, nesi alinipa mimi karatasi, na mimi ndiye niliyempigia wifi. Sitaficha kwamba nilifurahi kuwa wa kwanza.

Alilia kwenye simu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Wifi, wewe una bahati. Unamwona akila, unamwona akilala. Mimi nilikatwa nikarudishwa Msamala kukaa na kovu langu. Nikija kwako ninaona kabisa hunitaki. Nitaacha kuja, lakini unipe habari zake."

"Na wewe damu yako walipima lini?" nikamuuliza.

"Tangu turudi? Hakuna aliyeniuliza."

Tuliporudi Songea nilimpeleka mwenyewe. Tuliketi kwenye benchi la maabara bega kwa bega, akanipa pochi yake nimshikie, akageuza uso sindano ilipoingia. Anaogopa sindano. Mwanamke aliyekubali kupasuliwa tumbo anaogopa sindano, nikamshika mkono.

Majibu yake yalikuwa mazuri. Siku hiyo majibu ya mume wangu nayo yalikuwa tayari, nikayachukua yote pamoja. Nikiwa ninamsubiri wifi atoke msalani, nilizisoma karatasi zile mbili, moja juu ya nyingine. Namba zao zilikaribiana sana, safu kwa safu. Nilimshukuru Mungu, na wivu ukanipanda tena pale pale, mbichi, kama siku ile ya kwanza.

Wifi alitoka akijifuta mikono. "Zinasemaje?"

"Mko wazima wote wawili," nikamwambia. Nikampa karatasi zote azishike yeye, tukaenda kutafuta bajaji.