Mstari wa Chaki Mlangoni

Mtaani walimwita Mama Hodi, kwa sababu sauti yake ilitangulia viatu vyake. Alikuwa mhudumu wa zahanati, akipita nyumba kwa nyumba kupima presha na kufunga vidonda. Chama cha kina mama nacho kilitembelea wagonjwa, na shirika la wazee vilevile, kila mmoja kivyake. Fundi cherehani, mjane mwenye kidonda cha sukari mguuni, aliwahi kupimwa presha na wote watatu asubuhi moja.

"Jamani, mkono wangu si pampu ya baiskeli," aliwaambia. Jirani yake mwenye pumu siku hiyo hakuonwa na mtu.

Ndipo wakakaa kikao. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema, wakakubaliana kwamba atakayemwona mgonjwa achore mstari wa chaki mlangoni, na wengine wakiuona wapite, waende kwa asiyeonwa. Wazo lilikuwa zuri, halina ubishi. Ila kuchora kila mtu alikuwa tayari, na kazi ya kufuta hakuna aliyepewa.

Mama Hodi alichora kwa fundi. Juma lililofuata alipita, akaona mstari, akajua wenzake wamefika. Wenzake nao wakauona, wakajua yeye amefika. Kumbe ulikuwa ule ule wake wa zamani. Cherehani ilipokaa kimya kupita kiasi, jirani akasukuma mlango.

Kwenye mazishi ya fundi hakuna aliyemlaumu Mama Hodi, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Jirani alimvuta pembeni, kwa wema tu.

"Alikusikia, dada. Nilimuuliza kupitia ukuta nimwite nani, akasema, niache, Mama Hodi kapita sasa hivi, atarudi."

Maneno hayo yalihamia moyoni mwake. Kikao kiliagiza mistari ifutwe kila juma, nayo ikafutwa, mpaka wahudumu wapya walipokuja na mazoea yakalegea. Yeye alibisha kila mlango, wenye chaki na usio nayo, watu wakamcheka. Nyumba ya fundi pekee aliizunguka kwa nyuma, maana alihofia kuitikiwa.

Sasa ni bibi. Sukari imempata na yeye, miguu imegoma, na chaki inachorwa mlangoni kwake. Kila nesi akiondoka humwambia binti yake, "Futa."

"Mama, hata hajafika kona."

"Futa, mwanangu."

Nesi alipouliza mbona alama yake haikai, bibi alimjibu kuwa ni mvua. Kilikuwa kiangazi.

Safari hii binti alifiwa na mkwewe, akaondoka kwa haraka, asifute. Juma likaisha. Asubuhi bibi aliamka na homa, kidonda kikipwita, sauti imekauka. Akasikia viatu vya nesi uchochoroni. Akajaribu kuita, hakikutoka kitu. Viatu vikasimama mlangoni, penye mstari, kisha vikaendelea na safari.

Kwa jirani ukuta uligongwa. "Bibi, uko salama? Nimwite mtu?"

Akakusanya pumzi yote aliyobakiwa nayo, na alichojisikia akisema ni, "Kapita sasa hivi. Atarudi."