Aliyelia Mbele ya Kamera

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili hunirudisha kwetu Nyatike hata nikiwa nimesimama hapa Migori mjini, mlangoni pa duka langu, jirani akihangaika na jenereta isiyotaka kuwaka. Wengine wakiwakumbuka baba zao hukumbuka sauti au kofia. Mimi hukumbuka petroli. Baba alikuwa mvuvi kisiwani Remba, na kila alipokuja nyumbani alikuja na injini ya boti yake begani, maana Remba ukiiacha injini ufukoni, ukirudi utaikuta imekuwa hadithi. Aliilaza nyuma ya kitanda chao na kuifunika blanketi la kahawia lenye maua ya njano, kwa uangalifu kuliko alivyotufunika sisi. Mama alilalamika kwamba hata ugali ulikuwa na ladha ya petroli. Sisi watoto tulilala fofofo ndani ya harufu hiyo, tukijua Baba yupo.

Kisha Baba akaja nyumbani mgonjwa, na hakurudi tena ziwani. Siku tuliyomzika, harufu nayo ikaondoka. Nilikuwa darasa la pili, nikalielewa jambo hilo kwa akili yangu ya darasa la pili: Baba ameingia kaburini na harufu yake. Sikuona ubaya wowote. Ilikuwa mali yake.

Sasa niwaambie kuhusu filamu, na mnivumilie, kwa sababu bado nina hasira.

Kwetu mazishi hupigwa video kama harusi, na baadaye familia hupewa sidi yake. Halafu sisi ni Waadventista. Siku ya Sabato runinga ilikuwa mwiko, usithubutu hata kuigusa, isipokuwa kwa sidi ya mazishi ya Baba, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mchungaji na nyimbo za kwaya. Nani angesema hiyo si ibada? Basi Jumamosi baada ya chakula watoto wa boma zima walijazana sebuleni kwetu, betri ya gari ikaunganishwa, nasi tukatulia kumtazama Baba akizikwa.

Kila filamu ina akta wake, na akta wa filamu yetu hakuwa Baba. Alikuwa Baba Mdogo Owiti, mdogo wake. Alitokea langoni akikimbia, mikono kichwani, akajibwaga kwenye udongo, akamwita kaka yake kwa majina yote ya sifa. Akainuka, akatazama nyuma juu ya bega lake kana kwamba anamtafuta marehemu, kisha akajibwaga mara ya pili kwa kilio kikubwa zaidi. Ile ya pili ndiyo tuliyoipenda. Tuliipigia makofi, tukaomba irudishwe. Kamera haikumwacha hata kidogo, nami sikuwahi kuuliza ni nani aliyemleta mpiga video.

Mama alionekana mara moja tu, kule pembeni, leso imemlegea, macho makavu, akitembea mbio kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Mama ni Mkuria aliyeolewa nje ya kabila lake, na wanawake wa boma walikuwa na maelezo yao tayari. "Nyar Kuria hawezi lilia mtu wetu," walisema, yaani binti wa Wakuria, na walilisema jina hilo kama vile mtu anavyotema mwiba wa samaki. Tulipocheza mazishi nyuma ya choo tuligombania kuwa Baba Mdogo, tukajizoeza ule mtazamo wa juu ya bega mpaka shingo zikauma. Hakuna aliyetaka kuwa Mama. Na yeye, sidi ilipowekwa tu, alitoka nje. Nilidhani anaona aibu.

Baada ya hapo maisha yakawa ya kubanana. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa beseni, na omena zilipoadimika alikwenda machimboni Macalder kuchekecha mchanga wa dhahabu, akarudi jioni na vidole vimejikunja kwa maji. Baba Mdogo yeye alikuwa amepata boti na injini huko ziwani. Alitutembelea na mkate na soda, nasi tukamkimbilia, tukamrukia kifuani. Alinuka kama Baba. Kwa hilo tulimpenda maradufu.

Siku moja nilimwuliza Mama waziwazi kwa nini hakumlilia Baba. Alinisogezea sahani.

"Kula," akasema. "Chakula inapoa."

Siku hizi kazi yangu ni kuwawekea watu filamu kwenye flashi, na kuokoa sidi na kanda zao za zamani zisipotee. Mwezi uliopita Baba Mdogo aliingia dukani, sasa ni mzee wa kanisa, kitambi mbele, sidi mkononi.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, kama anavyoniita siku zote. "Niwekee hii kwa flash. Tunafanyia baba yako memorial. Wajukuu waone vile nililia ndugu yangu. Hiyo sehemu yangu usikate."

Alipoondoka niliiweka, nikaketi kuitazama kwa furaha, soda mkononi. Runinga yetu ya zamani ilikuwa ndogo, rangi zake zimekufa. Kioo changu cha dukani ni kipana. Na kwa mara ya kwanza maishani sikumtazama akta.

Nyuma yake, mlangoni mwa nyumba yetu, wanaume wawili walikuwa wanatoka na mzigo kati yao. Mzigo ulikuwa umefungwa kwa blanketi la kahawia lenye maua ya njano. Nyuma yao, Mama. Hakuwa anapita pembeni. Alikuwa anawakimbiza. Alishika ncha ya blanketi, akaburutwa nayo, mmoja akamsukuma kwa kiwiko, blanketi likateleza na pangaboi la injini likajitokeza. Mbele, Baba Mdogo akainuka kutoka udongoni, akatazama nyuma juu ya bega lake. Hakuwa anamtafuta marehemu. Alikuwa anaangalia kama wamefika kwenye ua wa boma. Walikuwa hawajafika. Akajibwaga mara ya pili, akapiga kelele zaidi, na kamera ikamwinamia.

Nilirudisha hapo mpaka macho yakaniwasha. Nilitaka kukivunja kile kioo. Kisha nikampigia Mama simu.

"Mama, kwa nini hukusema?"

Nilimsikia akiwafukuza kuku wake.

"Ningeambia nani?" akasema. "Watu wao walisema sina machozi. Na nyinyi mlikuwa mnapiga makofi."

"Lakini..."

"Ningelia saa ngapi, nyathina? Mikono ilikuwa na kazi."

Baba Mdogo aliporudi kuchukua flashi yake nilimpa kiti, nikamwonyesha. Nilikuwa nimeivuta ile kona ya nyuma mpaka ikajaa kioo kizima: mlango, blanketi, Mama. Kilio chake kilisikika, yeye haonekani.

"Hii ni nini? Mimi niko wapi?"

"Nimekutoa hapo mbele, Baba Mdogo, ndio tuone nyuma."

Kwenye kioo blanketi likateleza, akasukuma kiti nyuma.

"Hiyo ni mambo ya kitambo. Hiyo engine ilikuwa ya boma."

"Boma gani? Boma yetu ililala njaa."

Akatoka bila kuaga, na flashi ikabaki mezani. Sijaifuta. Siku ya ukumbusho nitakwenda nayo, na Mama ataketi mstari wa mbele, na wanaojua kulia wataona jinsi mtu anavyomlilia mume wake kwa mikono miwili.

Lakini hata hilo halinipozi. Kila jirani anapowasha jenereta yake, mimi huwa mtoto tena, kitandani, nikinusa giza lisilokuwa na kitu, nikijifariji kwamba Baba ameondoka na chake. Hakuondoka na kitu. Ile harufu ilibebwa na wanaume wawili mchana kweupe, ikapita nyuma yetu, sisi tukiimba.