Mashine ya Mwalimu Khoo

Liao Siok-khim alimtambua yule mzee kabla hajavua kofia. Mzee alikuwa akipanda ngazi mbili za duka la Siok-khim huku amekumbatia kompyuta kama mtu aliyebeba mgonjwa. Siok-khim mwenyewe hakutambuliwa, wala hakutegemea kutambuliwa.

Mji mzima wa Huwei ulimjua Mwalimu Khoo Bun-tik. Kwa zaidi ya miaka hamsini alikuwa akichezesha vikaragosi vya mkono mbele ya mahekalu, na sauti zote akizitoa mwenyewe: jenerali, mtawa, mlevi, mama mkwe. Siok-khim alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikuwa akitoroka shule kwenda kujibanza nyuma ya jukwaa lake, mpaka baba yake akaona heri ampeleke akaombe uanafunzi. Mwalimu alimtupia jicho mara moja tu. "Msichana?" akamwambia baba. "Mpeleke akajifunze kushona."

Hakujifunza kushona. Alipotimiza miaka kumi na sita aliingia kiwandani, akakaa miaka kumi na minane akilehemu bodi za kompyuta, na kiwanda kilipofungwa akafungua duka la ufundi kando ya soko. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na mgongo uliokuwa ukimkumbusha umri huo kila asubuhi.

"Haiwaki?" aliuliza.

"Kuwaka inawaka, bi fundi. Haiamki." Mzee aliitua mashine mezani taratibu. "Mume wa binti yangu anasema diski imekufa, ninunue nyingine nianze upya."

"Ndani kuna nini?"

"Michezo. Arobaini na mmoja. Yote ilikuwa kichwani, haikupata kuandikwa na mtu. Nimeichapa kwa kidole kimoja miaka sita."

"Na nakala umeweka wapi?"

"Nakala ya nini?"

Siok-khim akachukua bisibisi.

Bi Tan, muuza tambi wa mlango wa pili, alichungulia akiwa bado ameshika mwiko. "Ha! Mwalimu! Yule mama mkwe wako mkali bado anamtesa mke wa mwanawe?"

"Bado. Ila siku hizi amenenepa, anachoka mapema. Kama wewe."

Bi Tan alicheka mpaka akarudi kwake akijipangusa macho. Mzee hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono ya fundi.

Siok-khim alichomeka waya, akabonyeza. Feni ikavuma, kitaa kikawaka, ikafuata milio mitatu mifupi. Skrini ikabaki nyeusi tii.

"Imekuwa ikilia hivi?"

"Tangu juzi."

"Basi kilio hiki si cha diski, Mwalimu. Mashine haijafika hata huko kwenye diski. Imekwama mlangoni."

Alifungua ubavu wa mashine, akachomoa kadi ya kumbukumbu ya muda, ile isiyohifadhi kitu mashine ikizimwa. Meno yake ya shaba yalikuwa yamefifia kwa unyevu. Akatoa kifutio cha penseli, cha watoto wa shule, akaanza kuyasugua polepole, upande huu na upande ule.

"Hiyo ndiyo dawa?" mzee alishangaa.

"Ndiyo hiyo. Ulitaka nichome ubani?"

Aliirudisha kadi mahali pake, akabonyeza tena. Safari hii mashine haikulia. Skrini ikang'aa, na maandishi meupe yakatokea: hakuna diski ya kuanzia. Uso wa mzee ulinywea. "Kumbe mkwe wangu amesema kweli."

"Subiri kwanza." Aliinama, akatega sikio. Diski ilikuwa ikizunguka kwa mvumo mmoja, haikugonga wala kukwaruza. Kitu kilichokufa hakivumi hivyo. Akaichomoa, akaiunganisha na mashine yake mwenyewe, na majina ya michezo yakajipanga, moja baada ya jingine, yote arobaini na moja.

Mzee alikaa chini bila kutafuta kiti. Bahati nzuri kiti kilikuwepo.

"Sitaigusa tena mashine yako mpaka niinakili michezo yote," Siok-khim alisema. "Ni kama saa moja. Kunywa chai."

Wakanywa. Mzee akamuuliza ufundi ule aliupata wapi, naye akamweleza kiwanda. Angeweza kuishia hapo. Hata alimimina kikombe cha pili akidhani ameishia hapo.

"Kabla ya kiwanda," alisema, "baba yangu alinileta kwako. Ukamwambia anipeleke kushona."

Mzee aliweka kikombe chini. "Sikumbuki," alisema.

"Najua."

"Lakini ni maneno yangu. Nilikuwa nikiwaambia wasichana wote hivyo." Alikizungusha kikombe mezani. "Nilichukua wavulana tisa. Hakuna hata mmoja aliyebaki. Ndiyo maana nachapa."

Siok-khim alitafuta ile hasira aliyoitunza miaka arobaini na miwili. Aliikuta, lakini ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani, na hakujua aiweke wapi. Akainuka kurudi kwenye kazi, kwa sababu swali moja lilikuwa bado halijajibiwa: kama diski ni nzima, mbona mashine haiioni?

Jibu lilikuwa kwenye saa. Aliporudisha diski na kufungua ukurasa wa mipangilio, tarehe ilionyesha Januari mosi, miaka kumi na minne nyuma. Betri ndogo ya kwenye bodi, ile inayofanana na sarafu, ilikuwa imekwisha. Mzee alikuwa akichomoa waya ukutani kila alipomaliza kuandika, kwa kuogopa radi, na tangu betri ilipokufa kila akichomoa, mashine ilikuwa ikisahau kila kitu, hata namna ya kuzungumza na diski yake. Siok-khim akaweka betri mpya, akasahihisha tarehe, akabadilisha mstari mmoja wa mipangilio unaohusu diski, akabonyeza.

Ikaamka.

Mzee alifungua mchezo wa kwanza, akaukaribia mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Hapo ndipo fundi alipogundua kwamba macho ya mzee yalikuwa karibu kwisha.

"Imebaki mingapi kichwani?" aliuliza.

"Kumi na miwili. Labda kumi na mitatu."

"Njoo Alhamisi mchana. Wewe sema, mimi nitachapa."

Alikuja. Alhamisi ile, na zilizofuata. Alikuwa akitembea huku na huku kati ya makasha ya waya, akibadilisha sauti, na Siok-khim akichapa kwa vidole kumi. Walikuwa wakigombana. Katika mchezo wa nne mjane alikuwa na mistari miwili tu ya kulia. Siok-khim akamwongezea sita ya kujibu. Mzee akasomewa, akaamuru ifutwe. Ikafutwa. Alhamisi iliyofuata, aliposomewa, aliikuta imerudi.

"Wewe mwanamke ni mkaidi."

"Mwalimu, huyo mjane hawezi kunyamaza hapo. Amepokonywa shamba!"

Mzee alisimama, akaisema ile mistari sita kwa sauti ya mjane, polepole, mkono wake wa kulia ukijiinua hewani wenyewe. Bi Tan alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Ukurasa unaofuata," Mwalimu alisema.