Fundi Kaza na Rili Isiyopiga Kelele

Mume wangu ni fundi bomba mstaafu, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Kaza. Hajawahi kukutana na kitu kinachozunguka akakiacha bila kukikaza. Bomba la jikoni akilifunga yeye, kulifungua mpaka jirani aitwe. Chupa ya asali tumewahi kuipasha moto ndipo tukapata asali. Nimeshawaambia watu wazima na akili zao: siku kukiwa na msiba, msimpe mume wangu kufunga skrubu za jeneza, maana siku ya ufufuo mwenzenu atachelewa kutoka.

Mwenyewe hucheka tu. "Kinachovuja ni aibu ya fundi," husema, kisha anakaza tena.

Mimi nilikuwa mshonaji mpaka macho yaliponigeuka. Si kwamba ni giza, la. Pembeni naona vizuri kiasi, ila katikati ya kila kitu pana ukungu, na bahati mbaya uso wa mtu ndio hukaa katikati. Sindano nikaiweka chini, mashine nikaifunika kitambaa. Nilinuna, sitadanganya. Nilinuna mpaka mzee akachoka kuninyamazia, akanishika mkono asubuhi moja akasema, "Vaa viatu, twende ukanune ufukweni. Huko angalau kuna upepo."

Yeye huvua akiwa amesimama juu ya ukuta wa bahari, pale ambapo nyuma kuna mabenchi ya saruji. Nikakaa benchi langu na chupa yangu ya chai, na siku ile nikagundua jambo: nilikuwa naona uvuvi mzima kwa masikio. Sababu ni rili yake, ile mashine ndogo inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, unazungusha mkono wake na mshipi unarudi. Ya kwake ni kuukuu, aliinunua kabla hatujaoana, na inalia kama mashine ya kusaga nafaka. Krekre ya polepole, najua anavuta chambo na hakuna kitu. Krekre ikikatika, najua kuna kilichogusa. Ikitoka krrr ndefu, basi samaki anaondoka na mshipi, na mimi nilikuwa nasema "huyo" kabla yeye hajasema. Nikarudi kuwa mtu. Tangu hapo hatuendi mmoja peke yake.

Sasa, binti yetu ameolewa na kijana mwenye duka la vifaa vya uvuvi. Mkwe wangu huyo ni mtu mpole, ila akija na sanduku chini ya kwapa ujue ana jambo. Alikuja, akalifungua mezani, ndani mkiwa na sponji nyeusi, na katikati ya sponji kuna rili.

"Baba, wanataka niingize hizi dukani," alisema. "Bei yake naona haya kuitaja mbele ya mama. Wateja wangu wote wanakusikiliza wewe. Ukisema ndiyo, naagiza. Ukisema hapana, nairudisha ilikotoka. Ijaribu mwezi mzima, wala usiihurumie."

Maskini, hakujua anamwambia nani. Kaza alivuta kiti, akaipima mkononi, akaizungusha sikioni, akanusa grisi yake. Halafu akaenda kuleta ndoo ya maji, akatia chumvi ya kupikia viganja kadhaa, akaizamisha.

"Baba, kwenye ndoo?" mkwe wangu aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Baharini itakaa kwenye kikombe?"

Ililala humo mpaka asubuhi. Kulipokucha akaitoa, akaikausha, akaizungusha tena akitafuta maji ndani. Hakuna. "Mpira wake umekaa," alisema. Nilimjua mtu huyu. Sifa kama hiyo hata mimi sikuipata siku aliponiposa.

Akanipa na mimi niizungushe. Niliizungusha nikadhani imekwama, kwa sababu sikusikia chochote. Mkono unakwenda, mshipi unarudi, na sauti hakuna, hata ya kusingizia.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Jumamosi mzee alitoka nyumbani akipiga mluzi. Kwenye ukuta nikakaa benchi langu, nikamsikia akirusha, chambo kikaanguka majini, na baada ya hapo mume wangu akapotea. Nasikia mawimbi. Nasikia mtu mwingine kule anakohoa. Yeye simsikii.

"Upo?" niliuliza.

"Nipo, niende wapi?"

Nikanywa chai. Nikauliza tena. Mara ya tatu nilijionea haya, nikanyamaza. Nikajua wazi kabisa: akiipenda rili hii, safari zangu ndiyo basi. Nitakuwa mtu wa kubebwa, kuwekwa benchini na kuondolewa kama kikapu, na siku moja nitasema mwenyewe, nenda tu, mimi nitabaki. Roho iliniuma, tena sana. Lakini sikusema, kwa kuwa alikuwa na furaha ya mtoto mwenye viatu vipya, na mimi siye wa kumvua.

Mara pah, nikasikia mshipi umekatika, na mzee akatoa neno ambalo wajukuu hawaruhusiwi kulisikia. Samaki mkubwa alikuwa ameshika, akavuta mara moja tu, akaondoka na chambo. Safari iliyofuata, pah nyingine. Na nyingine tena baada ya hapo.

"Rili mbovu hii," alisema. "Breki yake haifanyi kazi. Bei yote ile ni ya sponji."

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, nilijisemea, lakini moyoni nilikuwa nafurahi kimyakimya. Akisema mbovu, inarudishwa, na krekre yangu inarudi. Nilikuwa hata nimeshaanza kumsaidia kuilaumu.

Tukiwa njiani kurudi, tumefika kwenye kona ya duka la mkate, akapunguza mwendo. "Unajua," alisema, "labda si rili. Mkwe si mjinga, hawezi kuniletea takataka. Labda ni hii mikono. Nimezeeka, mke wangu. Nafikiri niuze fimbo, niache mambo haya."

Furaha yangu iliishia pale pale kwenye kona.

Nyumbani, kazi ya kusuuza rili kwa maji baridi ni yangu, maana chumvi ikilala juu ya chuma hula mpaka mfupa. Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni, nikaifuta kwa kitambaa, na vidole vikafika mbele yake, kwenye kirungu cha kuzungusha. Hicho ndicho breki. Ukikikaza, mshipi hautoki. Ukikilegeza, samaki akivuta mshipi unatoka kwa kiasi, anakimbia, anachoka, unamrudisha. Nikajaribu kukizungusha. Wapi. Kilikuwa kimekazwa kama ile chupa ya asali.

Nilikizungushia kitambaa, nikakaza meno, nikakiviringisha kwa hasira zote nilizonazo, kikaachia. Nikavuta mshipi, ukatoka laini, hauna kishindo. Basi wazo likanijia. Nikapapasa kabatini nikaitoa rili kuukuu, nikashika kirungu chake. Nacho kimekazwa mpaka mwisho. Lakini nilipovuta mshipi, krrr, ukatoka wenyewe. Breki yake ilikwisha kufa miaka mingi iliyopita. Mume wangu alikuwa anaikaza kila siku ya Mungu, na yenyewe ilikuwa haimsikii. Samaki wote aliowahi kuwaleta nyumba hii aliwapata kwa sababu rili ilimkaidi.

Nilicheka peke yangu pale kwenye kigoda mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikaacha kucheka. Kumbe naweza kunyamaza tu. Kirungu nakirudisha kilivyokuwa, rili inarudi dukani, yeye namshawishi aendelee na ile ya zamani, na masikio yangu yanapata kazi yake. Nani angejua? Ila ningeishi na mzee anayedhani mikono yake imekufa, na mikono ile ndiyo iliyonilisha. Hapana. Nikamwita.

"Mzee, umeikaza."

"Kidogo tu."

"Kidogo chako nakijua, nimeolewa nacho."

"Sasa nikilegeza, mshipi si utatoka?"

"Ndiyo kazi yake, utoke."

"Itakuwa inavuja," alisema, na jinsi alivyolitamka neno lile ungedhani nimemtukania mama yake.

Nikamwambia akae. "Sikiliza. Mimi uzi naujua. Kwenye mashine ukiukaza sana, unakatika, hata uwe wa bei gani. Unauacha upite kwa kiasi, na mshono unakaa miaka. Huyo samaki anataka kukimbia, mpe nafasi akimbie. Wewe unamkatalia, na kamba hukatikia pembamba."

Akaichukua ile kuukuu, akavuta mshipi, krrr. Akavuta tena. "Kwa hiyo hii miaka yote..."

"Ilikuwa haikusikii."

Alicheka mpaka akashika meza. Nilifurahi kumsikia, kwa maana tangu kwenye kona ya mkate alikuwa hajacheka.

Lakini kujua ni kitu kimoja, na mkono ni kitu kingine. Siku iliyofuata pale ukutani nilimsikia akijiapiza kwamba hataigusa breki, na muda si mrefu akaguna. "Mkono umekwenda wenyewe," alisema. Akalegeza, akarusha, mkono ukaenda tena. Mwisho akaniita. "Njoo. Shika wewe. Mimi nikiishika nitaikaza."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kushika fimbo ya kuvulia. Alinisimamisha mahali pazuri, akarusha yeye, akaniwekea fimbo mikononi. Nikaanza kuzungusha, polepole, na hapo ndipo nilipoielewa rili ile. Kwa kuwa yenyewe haina mtetemeko hata kidogo, kila kinachotetemeka ni cha huko chini. Nilisikia kwenye vidole chambo kikiburuta mchanga. Kikapanda jiwe. Kikapita kwenye majani, nikajua ni majani. Miaka sijaona kitu kwa uwazi namna ile.

Kisha kikagonga. Fimbo ikainama, na rili iliyokuwa bubu ikafungua mdomo, ziii, mshipi ukawa unakwenda. Mkono wa mume wangu nikauona kwa pembeni ukija kwenye kirungu. Niliupiga kofi.

"Ni kolekole huyo," alisema. "Kolekole ana nguvu za punda. Anakumaliza mshipi."

"Mwache akimbie."

Akaruka huku na huku kando yangu, mikono hana pa kuiweka. Maji yalikuwa yamechafuka na jua linapiga usoni, na mtu mwenye macho yake mawili alikuwa haoni kitu. "Yuko wapi sasa?" akaniuliza.

"Kulia. Anaelekea kwenye mawe."

Nikazungusha, nikaachia, nikazungusha. "Na sasa?" akauliza tena.

"Amegeuka. Anatikisa kichwa. Amechoka, mzee. Anakuja hapa chini yetu, andaa wavu."

"Sioni kitu," alisema.

"Mimi naona. Teremsha wavu."

Akauteremsha, na akaja. Kolekole wa nguvu, mzee hakuweza kumpandisha kwa mkono mmoja. Mimi nilikaa chini palepale ukutani, nikalia kwa furaha mbele za watu, wala sikujali.

Mwezi ulikuwa umetimia, na mkwe wetu alikuja jioni ile kusikia hukumu. Alikaa mezani, akala samaki, akasubiri kwa adabu mpaka baba mkwe wake akanawa mikono.

"Sasa baba, niagize nisiagize?"

"Agiza," Kaza alisema. "Rili ni nzuri, aliyefeli ni mimi. Ila hiyo iliyopo hapa hairudi dukani. Tutajua tutakulipaje, hata kama ni kukutengenezea mabomba ya duka zima."

"Nilijua utaipenda, baba."

"Mimi nina yangu." Alisukuma sanduku mezani mpaka likagusa mkono wangu. "Hii ni ya mama yako. Anaona nayo."