Viini Viwili vya Serafina wa Maguu

Soko la kahawa lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walifika Maguu na mizani zao, wakapanga bei walivyotaka. Serafina, mjane, aling'oa waya wa kimoja kati ya vichanja viwili ambavyo marehemu mumewe alikuwa akianikia kahawa, akajengea banda la kuku wa kisasa.

Kilian, kaka wa marehemu, alikasirika. "Waya wa ndugu yangu umefungia kuku!"

"Kahawa imeshindwa kuwalisha watoto wa ndugu yako, shemeji. Acha kuku wajaribu."

Mitetea walipoanza kutaga, baadhi ya mayai yalikuwa makubwa mno, na yalipopasuliwa yalikuwa na viini viwili. Hapo Kilian alipata sababu. Baada ya misa alitangaza nje ya kanisa kwamba banda lile lina mkosi, na mjamzito akila mayai yale atazaa mapacha. Wateja wakakimbia. Akamwamuru Serafina awachinje kuku wote na kurudisha waya kichanjani kabla ya mavuno.

Serafina alimwendea Jonas, bwana mifugo.

"Mama, hao ndio kwanza wanaanza kutaga," Jonas alimweleza. "Mwili haujazoea. Viini viwili huachiliwa kwa pamoja, ganda moja likavifunga vyote. Wakikomaa, mayai ya namna hii yatakwisha."

Jumapili iliyofuata Serafina alisimama palepale nje ya kanisa na kapu la mayai makubwa ya kuchemsha. Winifrida, mkwewe mjamzito, akamenya la kwanza.

"Ongeza la pili, uzae timu!" mtu akapaza sauti.

"Leteni chumvi kwanza," Winifrida akajibu, akaendelea kutafuna.

Wateja wakarudi. Winifrida akajifungua mtoto mmoja, na mayai yakawa ya kawaida. Lakini Kilian akapita akijisifu: "Mkosi niliukemea mimi."

Serafina angeweza kunyamaza, maana biashara ilikuwa imechangamka tena. Hakunyamaza. Alinunua mitetea wapya, akasubiri. Yai kubwa la kwanza lilipotoka, alilipeleka kwa Kilian pamoja na bakuli.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kushukuru?"

Serafina akalipasua mbele yake. Viini viwili vikatulia bakulini.

"Haya, kemea nikuone."

Kilian akatazama bakuli, kisha mlango.

"Mitetea hawa hawana nafasi bandani," Serafina alisema. "Kesho nang'oa waya wa kichanja cha pili."