Nyumba Isiyo na Mbu

Asubuhi za Ndithini, wakati hata kuku hawajaamua kama kumekucha, moshi wa mama yangu ulitembea nyumbani polepole. Uliingia chini ya vitanda, ukapanda ukutani, ukatafuta dirisha. Aliwasha mavi makavu ya ng'ombe ndani ya karai bovu, akatupia majani ya mutaa yenye harufu kali, akazunguka nalo vyumba vyote. Mimi, nusu usingizini, niliona kama kitanda kinaelea. Binti yangu mdogo, aliyelala kifuani pangu, alikohoa, akacheka. "Susu anapika nyumba," alisema. Ndivyo watoto wetu wanavyomwita bibi.

Nilikuwa nimeacha kazi ya kiwandani kule Athi River kwa sababu ya mtoto huyo. Malaria ilikuwa imemzoea. Alipewa dawa akapoa, akacheza vizuri na mbuzi, kisha jioni moja macho yakaanza kung'aa vibaya na mwili kuwaka. Kwenye homa alitusimulia mambo: mto umeingia chumbani, mbuzi wamevaa viatu. Tuliitikia tu, na baada ya muda hata mimi nilianza kusikia yale maji. Niliogopa, jamani. Niliogopa mpaka nikawa mkali bila sababu. Mama akiuliza chumvi iko wapi, namjibu kama mtu aliyetukanwa.

Ndipo wakaja watu wa utafiti. Serikali ndiyo iliyogharamia, walituambia barazani, ijue malaria ya huku inatoka wapi na itazuiwaje. Aliyeongea ni dada mmoja, Mkamba mwenzetu wa kutoka Kithimani. Wangepita asubuhi kwenye nyumba zilizochaguliwa, watandike mashuka meupe sakafuni, wapulize dawa, kisha waokote mbu walioanguka. Vijiji vitakavyoonekana kuwa na mbu wengi vingeletewa muuguzi wa kupima watoto nyumba kwa nyumba na kuwatibu hapo hapo. Nyumba yetu ikachaguliwa. Nilirudi nyumbani siku hiyo mwepesi, naimba.

Walipokuja, sakafu yetu ya udongo iligeuka nyeupe kote, na tukakaa nje tukiongea kwa sauti ya chini kama tuko kanisani. Mashuka yakatolewa. Hakuna kitu. Mwezi uliofuata, vilevile. Kwa jirani vilevile. Yule dada akakaa kwenye kigoda, amechoka.

"Sielewi," aliniambia. "Vidimbwi vya mtoni vimejaa viluwiluwi vya mbu, watoto ni wagonjwa, na nyumba ni tupu. Hali ikibaki hivi, muuguzi atapelekwa kijiji cha ng'ambo ya mto."

Moyo ulinishuka. Mama naye akatokea na chai, uso umemjaa furaha. "Si mmejionea? Kwangu hakuna uchafu."

Hapo nikanusa moshi wa mutaa kwenye nguo zake.

"Mama! Yaani wewe huwafukuza mbu kabla watu hawa hawajafika?"

"Sasa ulitaka niaibike? Watu wa serikali wakute mbu kwangu?" Alinishangaa kabisa. "Sisi sote tulifukiza. Tuliambiana kanisani."

Asi! Nilitaka kulia na kucheka pamoja. Kumbe kijiji kizima kilidhani ni kama wale wa afya wanaokuja kukagua vyoo, msafi ndiye anayesifiwa. Yule dada alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Kisha akasema kwa upole, akimwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, sisi tunawatafuta hao mbu. Usipotuonyesha, tutasema hapa hakuna shida."

Mama aligeuka. Alichukua vikombe, chai bado imo.

Waliporudi mara ya tatu, hakufukiza. Hakufagia hata uani, kwa sababu nilimficha ufagio. Alivaa gauni la kanisani, akakaa akiipa nyumba mgongo, kama mtu ambaye nyumba hiyo haimhusu. Mtoto alikuwa mapajani mwake, amechemka tena. Mashuka yalipotolewa juani yalikuwa yamejaa vidoadoa. Yule dada aliviokota kimoja kimoja kwa kikoleo, taratibu. Kisha mama akanipa mtoto, akasogea.

"Huyu mbona ni mwekundu?"

"Ameshiba, mwaitu. Ni damu."

"Damu ya nani?"

"Tutapima tujue kama ni ya mtu au ya mnyama."

"Huyo mmemtoa chumba gani?"

Dada alinitazama kwanza. "Kile anacholala mtoto."

Mama aliinama juu ya shuka. Aliangalia tone lile jekundu, akamwangalia mjukuu wake mikononi mwangu, akarudi kwenye tone.

"Na mimi nilikuwa namficha," alisema. "Anakula mtoto wetu, mimi namfichia."

Ng'ambo ya ua, kwenye nyumba ambayo watafiti wangeingia baada ya yetu, moshi wa mutaa ulikuwa umeanza kupanda. Mama aliuona. Alikimbia na gauni lake zuri hadi kwenye ua, akashika miti kwa mikono yote miwili, akapaza sauti kijiji kizima kisikie.

"Zimeni huo moto! Waacheni waonekane! Mimi kwangu wamejaa, mnanisikia? Kwangu wamejaa!"